Jinsi ya Kupata na Kutunza Vyanzo vya Habari za Uchunguzi: Mwongozo Kamili

Mwandishi akidokezwa kwamba kuna fedha zimepotea mahali, haraka yake ya kwanza huwa ni kutafuta mkubwa wa kuthibitisha. Anampigia msemaji, anampigia mkurugenzi, na kufikia jioni wahusika wanajua kuna mwandishi anauliza, mafaili yameanza kuhamishwa, na kila mfanyakazi ameonywa asizungumze na mtu wa nje. Habari imefia mikononi.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kufanya kazi kwa mpangilio mwingine. Chanzo kizuri ni mtu aliyekuwepo: aliyeona kwa macho yake, au karatasi ilipita mikononi mwake. Mtu wa namna hiyo mara nyingi hana cheo kikubwa, hana wa kumsemea, na mambo yakiharibika ndiye wa kwanza kuumia. Kwa hiyo kumtafuta na kumlinda ni kazi moja, na huanza siku moja.

Hatua ya 1: Fuata njia ya karatasi

Chukulia umedokezwa kwamba hospitali fulani imelipia vitanda 40 ambavyo havijawahi kufika wodini. Usianze na swali la nani kala. Anza na hili: ili malipo yale yatoke, karatasi ililazimika kupita kwa nani na nani? Kaa chini uwaandike mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Kuna aliyeomba vitanda, kuna ofisa manunuzi aliyetangaza zabuni, kuna kamati iliyofungua bahasha za waombaji, kuna mtunza stoo aliyesaini kwamba mzigo umepokelewa, kuna mhasibu aliyeandaa hati ya malipo, kuna mkaguzi wa ndani aliyepitia vitabu. Kisha waongeze wasiomo kwenye karatasi lakini wanaona: wauguzi wanaolaza wagonjwa wawili kitanda kimoja, dereva, kampuni zilizokosa zabuni, na mlinzi wa getini.

Mlinzi huyo waandishi wengi humpita bila hata salamu. Getini huwa na daftari: namba ya gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka, limebeba nini. Anayeghushi hati ya kupokelea mzigo hukumbuka saini na mhuri, lakini ni nadra akumbuke daftari la getini. Ukiziweka mbili hizo pamoja, hati ikasema lori liliingia Jumanne na daftari halina lori lolote Jumanne hiyo, tayari una jambo ambalo tamko la msemaji haliwezi kulifuta. Katika kashfa ya chakula cha mifugo iliyolipuka jimbo la Bihar, India, mwaka 1996, namba za magari yaliyodaiwa kubeba mifugo na chakula zilipokaguliwa, baadhi zilikutwa ni za skuta.

Mbele ya kila mtu kwenye orodha yako andika mambo matatu: anajua nini kwa kuona mwenyewe, atapoteza nini akigundulika amesema, na nani atakuwa wa kwanza kumshuku. Safu hizo ndizo zitakazokuambia uanze na nani. Mtu anayejua mengi na ambaye atashukiwa haraka, usimwendee kwanza. Mwendee ukiwa umeshakusanya kiasi kwamba humtegemei yeye peke yake, maana habari inayosimama kwa mguu mmoja humwonyesha aliyeishikilia.

Hatua ya 2: Soma kwanza, uliza baadaye

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami naiona ndiyo inayotenganisha uchunguzi na tetesi. Ripoti za wakaguzi, majalada ya kesi, usajili wa kampuni, matangazo ya zabuni, kumbukumbu za vikao vya bunge, hati za umiliki wa ardhi: kila kimoja kina majina ndani yake. Mfanyakazi aliyefukuzwa akaenda mahakamani ameacha kiapo, na kwenye kiapo ametaja mabosi na tarehe. Usajili wa kampuni unaonyesha wakurugenzi waliojiuzulu. Ripoti ya ukaguzi haimtaji aliyeandika barua ya malalamiko, ila inakujulisha kwamba barua ilikuwepo, na kwamba kuna mtu aliwahi kujaribu kusema akapuuzwa.

Timu ya uchunguzi ya gazeti la Boston Globe, ilipokuwa ikifuatilia jinsi Kanisa Katoliki lilivyowaficha mapadri waliowadhulumu watoto kingono, ilitumia vitabu vya orodha ya mapadri vinavyochapishwa kila mwaka. Mwaka huu padri yuko parokia fulani, mwaka unaofuata ameandikwa yuko likizo ya ugonjwa, kisha anaibukia kwingine. Waandishi waliingiza maelezo hayo kwenye kompyuta, mwaka baada ya mwaka, na majina yaliyohamahama yakajitokeza yenyewe. Habari zao zilianza kutoka Januari 2002. Vitabu vile havikuwa siri ya mtu. Vilikuwa kwenye rafu muda wote.

Kusoma kwanza hubadilisha pia jinsi mtu anavyokupokea. Mhasibu mstaafu akikuona umekuja mikono mitupu, ni lazima aamue kama atakuwa yeye wa kwanza kutoa siri. Akikuona una ripoti ya ukaguzi na swali lako linahusu mstari mmoja wa ukurasa mmoja, anachoombwa ni kueleza karatasi ambayo unayo tayari. Watu wengi wasiothubutu kuvujisha chochote wako tayari kukusahihisha.

Penye sheria ya haki ya kupata taarifa, itumie mapema, maana majibu huchelewa. Ila kumbuka kwamba ombi lenyewe linatangaza unachokitafuta. Ukitaka hati moja ya malipo, omba hati za miaka mitatu au za idara nzima, ili aliyekudokeza asijulikane kwa kuangalia tu ulichoomba.

Hatua ya 3: Anzia pembezoni

Walio ndani wana hofu, na wana haki ya kuwa nayo. Anza na waliostaafu, waliohamishwa, walioachishwa, walioacha wenyewe, waliokosa zabuni, waliowahi kuwa wabia. Kwenye mitandao ambako watu huweka wasifu wao wa kazi, angalia nani aliondoka na mwezi gani. Watu wanne wa idara moja wakiondoka ndani ya miezi miwili, hapo pana jambo. John Carreyrou wa Wall Street Journal alipoanza kuichunguza Theranos, kampuni ya Marekani iliyojigamba kupima magonjwa mengi kwa matone machache ya damu, nguzo zake zilikuwa watu waliokwisha kuondoka, akiwemo aliyekuwa mkuu wa maabara. Habari ya kwanza ilitoka Oktoba 2015.

Kila mtu wa pembezoni anakusogeza hatua moja kuelekea katikati. Mwaka 1969 Seymour Hersh alidokezwa kwamba jeshi la Marekani linamshtaki mwanajeshi wake kwa kuua raia Vietnam. Alianza kwa wakili wa mwanajeshi huyo, akamfuata Salt Lake City. Kutoka hapo akaenda kambi ya Fort Benning, akazunguka kutwa akiuliza mpaka akamkuta Luteni William Calley. Baadaye akalitafuta kwa simu, mji baada ya mji jimboni Indiana, jina la askari Paul Meadlo, aliyekuwepo My Lai, kijiji cha Vietnam walikouawa raia hao, na aliyekubali kueleza alichokifanya kwa mikono yake. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa na picha nzima. Kila mmoja alikuwa na kipande chake.

Waandishi wachanga huogopa chanzo chenye kinyongo. Kinyongo hakimfanyi mtu kuwa mwongo. Mark Felt, ofisa wa juu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, alimsaidia Bob Woodward wa Washington Post katika Watergate, kashfa iliyomng'oa Rais Nixon. Alikuwa amepitwa kwenye nafasi ya ukurugenzi baada ya mkurugenzi J. Edgar Hoover kufariki Mei 1972, na bado aliyoyasema kuhusu Ikulu ya Nixon yalisimama. Nia ya mtu ijue, iandike kwenye daftari lako, mwambie mhariri wako, kisha pima taarifa yenyewe. Wa kumtilia shaka zaidi ni yule anayekuletea habari iliyokamilika, yenye mwanzo na mwisho, na anakuharakisha uichapishe kesho.

Hatua ya 4: Fahamiana na watu kabla hujawahitaji

Felt na Woodward hawakukutania kwenye kashfa. Walijuana tangu takriban mwaka 1970, Woodward akiwa luteni wa jeshi la majini aliyetumwa kupeleka nyaraka Ikulu, wakakaa karibu wakisubiri kuitwa. Kijana akaomba ushauri wa maisha, mzee akampa namba ya simu. Moto ulipowaka, namba ilikuwepo.

Makarani wa mahakama, wahandisi, wauguzi, wahadhiri, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, mawakili wa kesi ndogo, wahasibu: fahamiana nao wakati huna unachokihitaji. Piga simu kuuliza jinsi jambo linavyofanya kazi. Zabuni hufunguliwaje? Nani hutunza nakala ya tatu ya hati ya malipo? Mtaalamu anayekufafanulia utaratibu hajavunja siri yoyote, na siku utakapoonyeshwa hati ya kughushi yeye ndiye atakayekuambia kwamba mhuri ule huwekwa upande mwingine.

Na hakikisha unapatikana. Edward Snowden, aliyefichua siri za ujasusi wa Marekani, alipomwandikia mwandishi Glenn Greenwald kwa mara ya kwanza, Desemba 2012, alimtaka aweke programu ya kusimba barua pepe, yaani kuifunga isisomeke na mwingine. Greenwald hakuiweka, wiki zikapita, na Snowden akamgeukia mtengeneza filamu Laura Poitras aliyekuwa tayari nayo. Mwenye siri nzito humjaribu mwandishi mara moja au mbili, kisha anaondoka. Weka hadharani njia salama ya kukupata, kwa mfano namba ya Signal, programu ya ujumbe uliosimbwa, unayoifungua kila siku. Vyumba vya habari vikubwa hutumia SecureDrop, mfumo wa kupokea nyaraka bila kumjua mtumaji, ulioanza kutumika mwaka 2013.

Hatua ya 5: Mwendee mtu

Usimpigie kwenye simu ya ofisi. Usimwandikie kwa barua pepe ya kazini. Usimfuate kazini, wala usimtumie ombi la urafiki mtandaoni ambalo wenzake wataliona. Kumfikia nyumbani, kwa adabu na kwa wakati usio wa usumbufu, bado ndiyo njia bora, na ukienda jitambulishe kwa jina lako na chombo chako. Anayejifanya mtu mwingine ili apate neno la kwanza huwa ameshaupoteza uhusiano wote utakaofuata.

Sema maneno machache. Kwa mfano:

"Shikamoo mzee. Naitwa fulani, ni mwandishi wa gazeti fulani. Nasoma ripoti ya ukaguzi ya hospitali, na kuna sehemu siielewi. Nimeambiwa wewe ulifanya kazi pale miaka mingi. Sitaki uniambie lolote la kukutia matatani, na si lazima unijibu leo. Ukiniruhusu nitakuachia namba yangu."

Angalia kilichomo na kisichokuwemo. Kuna jina, kuna sababu ya kumchagua yeye, kuna mlango wa kutokea. Hakuna neno "kashfa", hakuna "ufisadi", hakuna jina la mtuhumiwa. Akikataa, mshukuru uondoke, kisha umpe muda. Wengi hukataa mara ya kwanza kwa sababu hawajapata nafasi ya kuzungumza na mke au mume.

Jodi Kantor na Megan Twohey wa New York Times, walipokuwa wakiwatafuta wanawake waliodhulumiwa kingono na Harvey Weinstein, mtayarishaji filamu wa Marekani, mwaka 2017, waliwaeleza kwamba yaliyopita hayawezi kubadilishwa, lakini kwa pamoja huenda wangeweza kuwakinga wengine. Huo ndio ukweli pekee mwandishi anaoweza kumpa mtu aliyeumia. Usiahidi haki, usiahidi kwamba mtu atafungwa, usiahidi kwamba maisha yake yatakuwa mazuri baada ya habari kutoka.

Hatua ya 6: Kubalianeni masharti kabla ya kusema

Masharti ni manne, na yatamke kwa lugha nyepesi. La kwanza, atajwe kwa jina na cheo. La pili, anukuliwe bila jina, kwa maelezo mliyokubaliana, kama "ofisa aliyehudhuria kikao". La tatu, anakuelekeza tu: humnukuu, unatumia alichosema kutafuta uthibitisho kwingine. La nne, hakitumiki kabisa. Usidhani mwenzako anayajua. Mwambie ayarudie kwa maneno yake mwenyewe, na mkiingia kwenye jambo zito katikati ya mazungumzo, simama uulize: "Hili nalo liko kwenye sharti lilelile?"

Kabla ya kuahidi kuficha jina, jua mamlaka yako yanaishia wapi. Mwaka 1982 Dan Cohen, mtu wa kampeni huko Minnesota, aliwapa waandishi nyaraka za mahakama kuhusu mgombea wa upande wa pili kwa ahadi kwamba hatatajwa. Wahariri wakaamua kumtaja. Akapoteza kazi siku ileile habari ilipotoka, akashtaki, na mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba uhuru wa vyombo vya habari si kinga ya kuvunja ahadi ya namna hiyo. Waandishi waliahidi, wahariri hawakujiona wamefungwa, na aliyelipa ni chanzo. Kwa hiyo zungumza na mhariri kwanza, na mjue pamoja nani mwingine ataambiwa jina.

Jua pia sheria ya mahali unapofanyia kazi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya Goodwin dhidi ya Uingereza mwaka 1996, ilisema kulinda vyanzo ni moja ya misingi ya uhuru wa habari. Marekani, kwa upande wake, mwaka 2005 ilimweka Judith Miller wa New York Times gerezani siku 85 kwa kukataa kumtaja aliyempa taarifa. Kama huko uliko mahakama inaweza kukulazimisha, mwambie chanzo hivyo waziwazi, umwambie na wewe utafanya nini. Aamue akiwa anajua.

Hatua ya 7: Uliza "umejuaje?"

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika uchunguzi msemo huo umewaponza wengi. Swali linaloutibu ni fupi, na ndilo ninaloliamini kuliko yote katika kazi hii. Tazama linavyofanya kazi:

"Mkurugenzi ndiye aliyeamuru malipo."

"Umejuaje?"

"Ah, ofisi nzima inajua."

"Wewe mwenyewe ulijua lini kwa mara ya kwanza?"

"Aliniambia mhasibu."

"Mlikuwa wapi? Alikuwa ameshika karatasi yoyote?"

"Tulikuwa korido. Alikuwa na hati ya malipo, ananionyesha imeandikwa kwa kalamu pembeni: lipa leo."

Ulianza na tuhuma, sasa una mhasibu, korido, na hati yenye maandishi ya kalamu pembeni. Tuhuma ya mwanzo bado haijathibitika, maana hatujajua mwandiko ule ni wa nani. Ila sasa unajua chanzo chako halisi ni mhasibu, na unajua karatasi gani ya kutafuta. Uliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa, ili mwenzako asihisi anahojiwa kituo cha polisi.

Baada ya hapo omba tarehe, omba nani mwingine alikuwepo, omba alichokiandika wakati ule: shajara, ujumbe wa simu, barua ya malalamiko. Uliza nani atakayeyapinga maelezo haya na atasema nini. Nyamaza mara kwa mara. Watu hujaza ukimya kwa mambo waliyokuwa wameyaruka. Na usiondoke bila kuuliza ni nani mwingine anayefaa kuzungumza naye, na kama unaruhusiwa kusema nani amekuelekeza.

Hatua ya 8: Pima ulichopewa

Watu watatu wakikuambia jambo moja, usihesabu vyanzo vitatu mpaka ujue kila mmoja alilipata wapi. Huenda wote wamechota kisima kimoja. Mwaka 1983 jarida la Ujerumani, Stern, lilinunua shajara zilizodaiwa kuwa za Hitler. Wataalamu wa mwandiko wakazilinganisha na sampuli na kusema ni zenyewe, kumbe baadhi ya sampuli zenyewe zilikuwa kazi ya mghushi yuleyule, Konrad Kujau. Uchunguzi wa karatasi na wino ndio uliothibitisha kwamba vitabu viliundwa baada ya vita.

Huruma nayo hupumbaza. Novemba 2014 jarida la Rolling Stone lilichapisha tuhuma nzito za ubakaji katika Chuo Kikuu cha Virginia kwa kutegemea zaidi maelezo ya mtu mmoja. Marafiki watatu aliosema aliwaeleza usiku ule hawakutafutwa. Walipohojiwa na wengine, kumbukumbu zao hazikulingana na habari, na Aprili 2015 jarida likaifuta. Kuyathibitisha maelezo ya aliyeumia ni kumheshimu: mwambie mapema kwamba utawatafuta wengine ili atakapobishiwa awe na ngome.

Hata chanzo usichokijua kwa jina kinaweza kupimika. Aliyewapa waandishi wa gazeti la Ujerumani, Süddeutsche Zeitung, nyaraka milioni 11.5 za kampuni ya uwakili ya Mossack Fonseca, zilizochapishwa Aprili 2016, alijiita John Doe na hakutaka kuonana na mtu. Nyaraka zake zililinganishwa na rekodi zilizokuwepo kwingine, mahakamani na kwenye sajili. Zikajisimamia.

Hatua ya 9: Mlinde kabla ya kuchapisha

Jina lake likifichwa, bado kuna njia nyingi za kumjua. Anayemsaka mvujishaji huanza kwa kuuliza: waliokuwa na karatasi hii ni wangapi? Mwaka 2017 waandishi wa tovuti ya habari ya The Intercept walipokea waraka wa siri wa NSA, shirika la ujasusi la Marekani, wakampelekea ofisa wa serikali nakala ili kuuthibitisha. Nakala ilionyesha mikunjo, ishara kwamba ilichapishwa kwenye karatasi. Wachunguzi wakaangalia kumbukumbu za kompyuta: waliouchapisha walikuwa sita, na mmoja wao, Reality Winner, alikuwa amewahi kuwasiliana na chombo hicho kwa barua pepe kutoka kompyuta ya kazini. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitano na miezi mitatu.

Fanya hesabu hiyo wewe kwanza. Kwa kila nukuu na kila tarakimu kwenye rasimu, jiulize ni watu wangapi walioijua. Wakiwa wawili, iondoe au itafutie chanzo cha pili kilicho mbali na mtu wako. Usichapishe picha ya hati. Chukua yaliyomo uyaandike upya. Ofisi nyingine hutuma waraka mmoja kwa wengi huku kila nakala ikiwa na neno au nukta iliyobadilishwa, na printa nyingi za rangi huacha alama za manjano zisizoonekana kwa macho, zinazobeba namba ya mashine na saa. Unapoomba majibu ya upande wa pili, wape tuhuma na takwimu kwa maneno yako. Hati yenyewe usiwape.

Picha za simu hubeba mahali zilipopigwa. Mwaka 2012 waandishi wa chombo cha habari cha Vice waliokuwa na John McAfee, mfanyabiashara wa programu za kompyuta aliyekuwa akisakwa, waliweka mtandaoni picha iliyokuwa bado na maelezo ya mahali ilipopigwa, dunia ikajua kwamba yuko Guatemala. Futa maelezo hayo kabla ya kutuma au kuhifadhi.

Signal husimba ujumbe na huhifadhi machache mno kuhusu mtumiaji: ilipodaiwa taarifa kwa amri ya mahakama mwaka 2016, ilichoweza kutoa ni tarehe ya kufungua akaunti na ya mara ya mwisho kuunganishwa. Lakini simu ikishikwa ikafunguliwa, yote yamo. Washa ujumbe unaojifuta, kwako na kwake. Mkionana, simu zibaki nyumbani zikiwa zimewashwa. Simu mbili zilizokutana mnara mmoja zinasema mengi, na simu mbili zilizozimwa dakika moja pia. Jina lake halisi lisiwe kwenye daftari, kwenye simu wala kwenye rasimu.

Hatua ya 10: Siku ya kuchapisha, na baada yake

Siku moja au mbili kabla, mwambie habari inatoka lini na ndani yake yeye anaonekana vipi. Humpi rasimu aihariri, ila mkapitie pamoja yale yanayomhusu, uhakikishe hakuna la kumfichua. Mshauri asiipongeze habari hadharani wala kuisambaza wa kwanza ofisini. Baada ya kuchapisha, mpigie simu siku hiyohiyo, wiki ile, na mwezi ule, hata kama huna swali.

Fedha usitoe wala usipokee. Nauli ya kuja kuonana naye inaweza kujadiliwa na mhariri. Bahasha ya kumshukuru hapana, kwa sababu mahakamani itaitwa malipo ya ushahidi na kazi yote itaanguka. Anachostahili ni taarifa sahihi: wakili gani anatetea wafichuaji, sheria ipi inamlinda na ipi haimlindi. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyefichua malipo ya kashfa ya Goldenberg, alikamatwa mwaka 1993, akapoteza kazi, na alifariki mwaka 2006 bila kurudishwa kazini. Yaseme mambo kama haya kwa chanzo chako kabla hajakukabidhi karatasi ya kwanza.

Kuna watakaobadili mawazo. Akikupigia usiku kabla ya kuchapisha akisema amejiondoa, usimbembeleze na usimtishe kwa kumwambia kwamba alishakubali. Muulize nini kimebadilika. Mara nyingi kuna jambo jipya, bosi ameuliza swali la ajabu au ndugu ameogopa, na jambo hilo unahitaji kulijua. Kama alikubali kutajwa na sasa yuko hatarini, toa jina, rudi kwenye nyaraka, ona kama habari inasimama bila yeye. Isiposimama, isubiri.

Na ukihama chumba cha habari, vyanzo havihami na kiti chako. Mwenzako akikuomba namba, mpigie kwanza mwenye namba, umweleze ni nani anamtafuta na kwa nini. Akisema hapana, hiyo ni hapana, hata kama anayeomba ni mhariri mkuu.